Chaki ya Siku za Mvua

Tarehe 3, mwezi wa pili

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi mzima. Mkono wa kulia unauma kwa sababu ya gurudumu, lakini huo umeuma tangu wewe hujaota meno, usiuhesabu. Naandika nikiwa kitandani, mgongo nimeegemeza ukuta wetu ule. Jana tumechoma, na tanuri liko upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo kuna joto la kumfanya mtu mzima na akili zake asinzie saa nne asubuhi. Na nimesinzia kweli.

Nimeota mabakuli yangu yote yanaelea chini ya dari, polepole, kila moja lina uzi. Nyuzi zote zilikuwa mkononi mwako, lakini wewe ulikuwa umegeuka unatazama dirishani, sijui nini. Nikakuita. Ukasema, ngoja. Sheria yetu unaijua: anayesimuliwa ndoto hacheki mpaka amalize chai. Kunywa chai kwanza.

Sasa lawama. Yule mwenye duka la ng'ambo ametulipa vikombe vya mwezi uliopita, kwa mtandao wenu huohuo uliotuunganisha nao. Fedha zimeingia kwenye simu yangu kama kawaida, nikawatumia wenzangu kumi na mmoja, kila mmoja fungu lake. Zamani ada ya kutuma ilikuwa kitu kinachoweza kudondoka mfukoni usiiname kukiokota. Safari hii imekatwa mara sita yake, na si kwa mtu mmoja, kwa wote kumi na mmoja. Mama Shubiri amekuja mlangoni kuuliza. Unamkumbuka, yule anayetupimia nafasi za rafu tanurini kwa shubiri ya mkono wake, kiganja kama cha mtoto, kwa hiyo chungu cha mwenzake siku zote kinatoka kirefu. Akipima vya kwake vidole vinanyooka ghafla.

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa tanuri, na mimi ndiye mgawaji. Wakiuliza lazima nijibu. Hebu nieleze, kwa lugha ya mtu mwenye udongo kwenye kucha, hiyo ada inakatwaje?

Dada yako


Tarehe 14, mwezi wa pili

Dada yangu,

Chai nimekunywa, ndipo nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Nyuzi zile zimenikaa kichwani.

Ninakoketi ni ghorofa ya tisa. Asubuhi ukungu unapanda mpaka dirishani na jengo la mbele linatoweka lote, baadaye linarudi vipande vipande, kwanza paa, kisha matangi ya maji, mwisho watu. Humu ndani hakuna sauti ila feni za mashine. Kazi yangu ni kuangalia mstari mmoja kwenye kioo, unapanda na kushuka. Mstari huo ndio ada uliyoiuliza.

Iko hivi. Kuna mnyororo mkuu, yaani daftari moja kubwa ambalo maelfu ya kompyuta huliandika kwa pamoja. Kuandika mstari humo ni ghali, maana nafasi ni finyu na wanaoitaka ni wengi. Sisi tuko juu yake, ndiyo maana tunaitwa tabaka la pili. Tunapokea miamala ya watu, mmoja huyu mmoja yule, tunaipiga hesabu hapa kwetu, kisha tunaifunga furushi moja na kuliandikisha kule chini kwa mkupuo. Badala ya kila mtu kulipia mstari wake, watu elfu wanagawana gharama ya furushi.

Kwa hiyo ada yako ina vipande viwili. Kidogo ni cha kuhesabu huku juu. Kikubwa ni sehemu yako ya kuandikisha furushi kule chini, na hicho kinafuata bei ya kule. Kule kukijaa watu, bei inapanda, na huku inapanda pia. Na kwa kuwa hatujui mapema furushi litatugharimu kiasi gani, tunakadiria, tunaweka kizidisho, yaani namba ndogo ya kuzidishia makadirio, ili kujikinga. Basi.

Mwezi uliopita kulikuwa na msongamano mkubwa kwenye mnyororo mkuu. Waambie wenzako hivyo. Mara hii itakuwa nafuu, utaona.

Jana nililala kwenye kochi la ofisini baada ya chakula cha mchana. Niliota nimekaa kwenye lango, na vikombe vinapita kwa miguu, vingi, kimya kimya. Kila kimoja kinaacha punje ya mchanga kwenye kiganja changu. Punje haina uzito kabisa. Lakini nilipotaka kusimama, mkono haukuinuka.

Unywe chai na wewe.

Kitinda


Tarehe 25, mwezi wa pili

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na nimecheka mwenyewe. Miaka yote hii unasoma vitabu vinene, kumbe umeajiriwa kwenye tanuri.

Fikiria. Kuni zinaungua kiasi kilekile, tanuri likiwa na chungu kimoja au mia mbili. Ndiyo maana hatuchomi mpaka lijae, na kila mtu analipa kwa shubiri alizokalia kwenye rafu. Hicho ni kipande chako kikubwa. Kidogo ni cha yule anayepakia. Mvua ikinyesha kuni zinapanda bei, na sisi tunapanda nazo. Tofauti ni kwamba huku mtu akishuku anaweza kwenda kuzihesabu kuni.

Na bei ya kuni tunaiandika kwa chaki ukutani siku ya kupakia. Hilo hujalisahau, kwa sababu kuifuta ilikuwa kazi yako. Moto ukishazimika, kabla mlango haujafunguliwa, chaki inafutwa kwa kiganja kilicholowa, wote wakiona, ili bei ya siku za mvua isije ikamlipisha mtu wakati wa jua. Ulikuwa unakuja kula na kiganja cheupe, unagombezwa, na siku ya pili ni vilevile.

Wenzangu nimewaeleza habari ya msongamano. Mama Shubiri aliuliza mbona msongamano wa siku nyingi hivyo. Nikamwambia mdogo wangu anafanya kazi hapohapo, na mdogo wangu hasemi uongo. Wameelewa.

Hapa kumetulia. Tanuri linapumzika kidogo, kwa hiyo ukuta umepoa. Ni ajabu, hata ndoto zimepungua. Usiku wa kuamkia leo nimeota kitu kimoja tu: natembea nyumbani humu humu, kila chumba nikiingia kina baridi, na kwenye kila chumba kuna mtu ameketi ananipa mgongo. Sikuogopa. Nilikuwa natafuta shali.

Usisahau kula. Sauti ya feni si chakula.

Dada


Tarehe 8, mwezi wa tatu

Dada,

Umenishtua na habari ya ukuta kupoa. Tanuri halipumziki mwezi huu bila sababu. Nadhani ule ufa wa upande wa kushoto umeongezeka na unanificha ili nisihangaike. Tafadhali usiache mpaka uje kujenga ukuta mzima. Ita fundi, abadilishe matofali ya mstari wa tatu na wa nne, asipake udongo juu tu akaondoka. Nitatuma fedha za matofali.

Hapa mambo ni mazuri. Mkuu wa kitengo alitukusanya akasema mwezi wa kwanza ulikuwa mwezi bora tangu kampuni ianze, tulibakiwa na ziada kubwa baada ya kulipia mafurushi yote. Akanipa mkono mbele ya watu. Mkono wake ulikuwa mkavu na wangu umelowa jasho. Watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa natazama ukungu ukirudi dirishani, nikiomba utufunike na sisi.

Ile ada ilishuka yenyewe, usiwe na wasiwasi tena.

Dada, ile habari ya chaki umenikumbusha

Niliacha barua hapo nikaenda kuchukua maji. Sasa sijui nilitaka kusema nini. Pengine ni ndoto tu. Nimeanza kuota ukuta ule, si wa chumbani, wa tanuri. Nina kitambaa kilicholowa, nafuta, nafuta, na namba inabaki. Nikiangalia kitambaa, ni kikavu.

Kitinda wako


Tarehe 19, mwezi wa tatu

Kijana,

Hujambo. Mimi sijambo na sina maneno mengi, ingawa karatasi nimenunua mbili. Ni mimi, mnayeniita Mama Shubiri mkidhani sijui.

Nakuandikia bila dada yako kujua, na akijua shauri yake. Mwezi wa kwanza mafungu yetu yalipungua. Dada yako akasema ni ada, kule kwenu kuna msongamano. Tukasema sawa. Lakini binti yangu si mtu wa kudanganywa kwa mambo ya simu, akafungua hilo daftari lenu mnalosema liko wazi kwa kila mtu. Akatazama msongamano. Ulikuwepo siku mbili tu. Siku mbili! Na dada yako alitugawia wiki mbili baada ya hapo, njia nyeupe, hakuna hata kuku anayekatiza. Sasa ziada ile imekwenda wapi? Tukamwita, tukakaa kwenye benchi la tanuri, tukamwuliza. Akajibu kwamba ada ndivyo ilivyokatwa. Tukamwuliza mara ya pili. Akanyamaza.

Lisemwalo lipo. Tumemnyang'anya ufunguo. Na malipo ya mwenye duka sasa yanakuja kwenye simu yangu. Tumechoma mara mbili bila yeye, tanuri halikujaa, tukalipia kuni za mapengo, potelea mbali. Vyombo vyake vimebaki vibichi sebuleni kwake, amevitandika sakafuni mpaka mlangoni, mtu akienda kumwona hana pa kukanyaga. Vingine vimeanza kupasuka. Anavifunika vitambaa vilivyolowa kama wagonjwa.

Sasa nikwambie kinachoninyima raha. Mwizi akikamatwa hupiga kelele. Miaka kumi na tisa nimekaa na dada yako, tukigombana kwa kila shubiri moja ya rafu, na sijapata kushinda hata siku moja kwa sababu anabisha mpaka mbuzi wanaondoka. Safari hii, jambo kubwa hivi, habishi. Alivua ufunguo shingoni mwenyewe, akauweka kwenye benchi. Nilitamani abishe.

Wewe uko hukohuko. Nakuuliza neno moja, na unijibu kama unavyomjibu mama yako: ile ada ilikatwa na nani?

Mama Shubiri


Tarehe 30, mwezi wa tatu

Dada yangu,

Karatasi hii ni yako peke yako. Ya pili iliyo ndani ni ya wote, naomba asome Mama Shubiri, kwa sauti yake ileile.

Nimepata barua yake jana. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikakaa palepale, watu wakawa wananiruka. Matofali, Dada. Nilikuandikia habari za matofali. Wewe umekaa na ukuta wa baridi kwa sababu yangu na mimi nakuagizia fundi.

Ulisema mdogo wangu hasemi uongo. Sentensi hiyo nimeibeba mwezi mzima. Nilitaka kukuambia kwenye barua iliyopita, nikaenda kuchukua maji. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Leo asubuhi, kabla sijashika kalamu, nilikwenda kwa mkuu wa kitengo nikamweleza. Akasema ziada ya kila mtu ni ndogo mno, ada ya kumrudishia itakuwa kubwa kuliko ziada yenyewe. Nikamwambia tusirudishe kwa mmoja mmoja. Tusubiri furushi lijae, tupakie wote, tuchome mara moja. Akaniuliza, tuchome nini? Nikamwambia hiyo ni lugha ya nyumbani. Amekubali. Itatangazwa kwa watumiaji wote, na jina langu litakuwepo. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi ujao na hautaandikwa mwingine.

Nimelala mchana huu kidogo na sikuota kitu. Sijui kama ni heri.

Nisamehe.

Kitinda

*

Kwa mama zangu na dada zangu wa tanuri,

Dada yangu hakuchukua kitu. Ada ilikatwa na mimi.

Mama Shubiri na binti yake wamesema kweli, msongamano ulikuwa wa siku mbili. Siku ya kwanza ya msongamano, bei ya kuandikisha mafurushi kwenye mnyororo mkuu ilipanda ghafla, na nilipewa kazi ya kuongeza kizidisho kwenye ada zenu ili kampuni isipate hasara. Nikakiongeza kwa mkono. Kesho yake jioni bei ya kule ikarudi ilipokuwa. Kizidisho kilitakiwa kurudishwa na mkono uleule ulioweka. Sikukirudisha. Sikuiba, sikukusudia, nilisahau tu. Kiliendelea kukaa pale siku ishirini na saba, na kila mtu aliyetuma chochote katika siku hizo alilipia msongamano ambao haukuwepo.

Niligundua siku ile dada yangu aliponiuliza kwa barua ada inakatwaje. Nilikwenda kutazama ili nimjibu, nikaiona namba. Niliishusha saa ileile. Nikarudi kwenye kiti na kumwandikia kwamba kulikuwa na msongamano. Hapo sasa sikusahau. Hapo nilidanganya.

Kila kitu kimeandikwa mahali pa wazi na mtu yeyote angeweza kuona. Nilitegemea kwamba hakuna anayetazama.

Kwenu mnaijua namna hii ya kosa. Niliandika bei ya siku za mvua ukutani, jua likatoka, na sikuifuta. Kazi niliyopewa nikiwa sifikii hata kitasa cha mlango ndiyo iliyonishinda ukubwani.

Zilizozidi mtarudishiwa zote. Ufunguo ni wa dada yangu.

Mdogo wenu


Tarehe 16, mwezi wa nne

Kitinda,

Mgongo uko ukutani na ukuta una moto. Nakuandikia taratibu, kwa sababu nasinzia.

Karatasi yako ilisomwa kwenye benchi la tanuri siku ya kupakia. Mama Shubiri alivaa miwani ya binti yake, akaanza kwa sauti kubwa kama alivyozoea, akafika pale uliposema hapo nilidanganya, sauti ikashuka yenyewe. Alimalizia kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Kisha akakunja karatasi mara nne, akatoka nje. Tukadhani kaenda zake. Kumbe alikuwa anahamisha vyombo vyangu. Alivileta kimoja kimoja kwenye sinia, amevikumbatia, akavipanga rafu ya kati, mahali pazuri kuliko pote, na hakupima. Nilipomwambia pima, akasema mkono unamuuma. Ufunguo nimeukuta ndani ya bakuli la mwisho.

Wakaniuliza kwa nini sikujitetea. Nao nitawajibu siku moja, lakini wewe nakujibu leo, maana mimi pia nimekuficha.

Niliposema wameelewa, walikuwa wameshanivua ufunguo siku tatu nyuma. Na binti ya Mama Shubiri alipofungua daftari lenu pale benchini, simu ilikuwa mkononi mwake na mimi nimekaa pembeni. Alitazama msongamano tu. Angetelemka chini kidogo, angeona miamala yangu kumi na moja, na kando ya kila mmoja kiasi kilichokatwa na nani alikikata. Ilitosha nimwambie, mwanangu, shuka kidogo. Nilijua. Mimi huitazama kila mwezi, Kitinda, ndiyo chaki yenu ile, unadhani mgawaji hatazami? Lakini kuonyesha kwamba mimi si mwizi ilikuwa ni kuonyesha kwamba mdogo wangu amewadanganya. Nikasema moyoni, ngoja. Labda kuna kitu sikielewi. Labda atasema mwenyewe.

Halafu ukaniandikia kwamba ilishuka yenyewe. Hapo nikajua kabisa. Kuni hazishuki bei zenyewe, kuna mtu hushusha. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikavunja bakuli, na halikuwa bovu. Nilikaa na vyombo vibichi miguuni nikikuchukia tangu asubuhi mpaka jua lilipogonga dirisha la magharibi, kisha chuki ikaisha, nikabaki nimekukosa tu. Kukuandikia nikuambie kwamba najua, hilo sikutaka. Ungesema kwa sababu umebanwa. Nilitaka useme kwa sababu ni wewe. Kumbe nilimwachia Mama Shubiri akubane, kwa hiyo sote hatuna cha kujivunia.

Usinifanyie hivyo tena. Na mimi sitakuficha tena. Damu moja haituruhusu kufanyana wajinga.

Fedha zimerudi jana. Kila mtu kwenye simu yake, zote siku moja, furushi moja. Kwa wengine ni kiasi cha kuchekesha. Mmoja hapa amepata cha kununulia njiti za kiberiti, akainua simu juu kama kombe la mpira. Lakini ada ya kurudisha, tumetazama sote pamoja, safari hii tumeshuka mpaka chini, ilikuwa ndogo hata hatukuweza kuitamka. Binti ya Mama Shubiri akasema huko walijaza tanuri kweli kweli.

Leo nimeota mabakuli tena. Yalikuwa yanaelea kama mwanzo, na nyuzi zake, ila yalikuwa yanashuka, taratibu sana, na wewe uko chini unayapokea kwa mikono miwili unayapanga sakafuni. Hukuwa unatazama dirishani. Nikakuita ukaitika.

Kwa hiyo mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu. Sikuulizi utafanya nini. Chumba ni kilekile, kitanda chako kimejaa magunia ya udongo lakini magunia yana miguu, yatahama. Mama Shubiri anasema ukija upakie kama watu wengine na ulipe kwa shubiri. Amesema mkono wake umepona.

Jana moto umezimika. Tulisimama wote mbele ya ukuta, bei imeandikwa hapo, beseni la maji liko chini. Kila mtu akawa anamtazama mwenzake. Hakuna aliyelowesha mkono. Mwisho Mama Shubiri akalichukua beseni, akamwaga maji nje, akasema mlango ufunguliwe hivyohivyo, kwa mara ya kwanza tangu tanuri lijengwe.

Chaki bado ipo ukutani. Tumekubaliana asiifute mtu mwingine.

Dada yako